Sikukuu za Mwezi wa Saba Nyumbani

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Funzo la Juma Hili: Law. 23:23–44, Kum. 16:13–17, 1 Fal. 12:26–33, Neh. 8; Mt. 5:23, 24, Yn. 7:1–39; Kol. 2:16, 17.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 16:14. (Lisomwe kwa pamoja, kila mmoja katika Biblia yake, kisha darasa lihesabu watu wote wanaotajwa ndani yake.)

Mwezi wa saba wa kalenda ya Waebrania, uitwao Tishri, huangukia kati ya Septemba na Oktoba. Katika nchi ya Israeli huo ni mwisho wa kiangazi. Nafaka imekwisha kupurwa, zabibu zimekamuliwa, mizeituni inaanza kuchumwa, na mkulima anatazama mbinguni akingojea mvua ya kwanza. Katika mwezi huo mmoja Mungu aliweka mikutano mitatu: ukumbusho wa kupiga baragumu siku ya kwanza, Siku ya Upatanisho siku ya kumi, na Sikukuu ya Vibanda kuanzia siku ya kumi na tano kwa siku saba, ikifuatwa na kusanyiko la siku ya nane.

Familia za Kiyahudi zinaadhimisha siku hizo hadi leo, na zinafanya hivyo hasa nyumbani: kwa mapambo, kwa vyakula vyenye maana, na kwa kibanda kinachojengwa uani. Baadhi ya familia za Kikristo, zikiwemo za Waadventista, zimependa kuiga jambo hilo ili kuwafundisha watoto Biblia kwa macho, mikono na kinywa. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakasema kwamba asiyetunza sikukuu hizi anaasi. Makanisa yamegawanyika kwa sababu hiyo, na jamaa wameacha kula pamoja. Juma hili somo linachunguza sikukuu zenyewe kwanza, kwa kuwa mara nyingi watu hubishana juu ya jambo ambalo hawajalisoma.

JUMAPILI
Baragumu, Asali na Kunde

Soma Mambo ya Walawi 23:23–25 na Hesabu 29:1–6. Ni mambo gani yaliyoagizwa kwa siku ya kwanza ya mwezi wa saba? Ni mambo gani ambayo hayakutajwa?

Maagizo ni machache mno. Kupumzika, kupiga baragumu, kusanyiko takatifu, sadaka. Mafungu haya hayasemi neno juu ya chakula cha siku hiyo, wala hayaiiti mwaka mpya. Wayahudi wa baadaye ndio walioifanya kuwa mwanzo wa mwaka, nao huiita Rosh Hashanah, yaani kichwa cha mwaka. Katika sinagogi hupulizwa pembe la kondoo dume, na desturi iliyoenea ni milio 100.

Nyumbani meza hufanya kazi ya kuhubiri. Vipande vya tofaa huchovywa katika asali, kwa kuomba mwaka mtamu. Mkate wa sikukuu, ambao kwa Sabato za kawaida husukwa mrefu, siku hiyo hufanywa wa mviringo kama mzunguko wa mwaka. Komamanga huwekwa mezani kwa wingi wa mbegu zake. Jamii nyingi huweka pia vyakula ambavyo Talmudi inavitaja, na msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa kuona kwamba vingine viko jikoni kwake: boga, tende, na kunde. Hivi vilichaguliwa kwa sababu ya majina yake. Neno la kale ambalo wengi wanalifasiri kuwa kunde linafanana na neno la Kiebrania la kuongezeka, na jina la tende linafanana na neno la kukoma. Kwa hiyo mzazi anapompa mtoto kunde anaomba heri iongezeke, na anapompa tende anaomba uadui ukome.

Huu ni werevu wa walimu waliojua watoto. Mtoto asiyeweza kukaa kimya kwa saa mbili za ibada anaweza kukumbuka maisha yake yote kwamba kunde zilikuwa sala. Lakini ni vizuri kutofautisha: baragumu ni agizo la Maandiko, na kunde ni desturi ya watu. Desturi inaweza kuwa nzuri sana bila kuwa amri.

Kwa nini Mungu aliweka siku ya baragumu siku tisa tu kabla ya Siku ya Upatanisho? Linganisha na Yoeli 2:1, 15–17.

Baragumu liliwaamsha watu. Yeyote aliyelisikia alijua kwamba muda uliobaki ni mfupi, na kwamba kama kuna jambo la kutengeneza, siku zinahesabika.

JUMATATU
Jirani Aliyekosewa

Soma Mambo ya Walawi 23:26–32. Watu walitakiwa kufanya nini huku kuhani mkuu akihudumu patakatifu?

Siku hii haikuwa na karamu. Mtu mzima aliitesa nafsi yake, na kwa kawaida hilo limeeleweka kuwa ni kufunga, tangu jioni hata jioni. Wayahudi wengi hadi leo hufunga kwa muda wa saa 25 hivi, bila chakula wala maji, na wengi huvaa nguo nyeupe na kuacha viatu vya ngozi.

Waadventista wana sababu ya pekee ya kuijua siku hii. Katika Agosti 1844, kwenye mkutano wa kambi wa Exeter, New Hampshire, Samuel S. Snow alieleza kwamba kutakaswa kwa patakatifu kwa Danieli 8:14 kungeangukia siku ya kumi ya mwezi wa saba, na kwa hesabu ya Wayahudi Wakaraiti siku hiyo ilihesabiwa kuwa Oktoba 22. Kalenda ya marabi iliiweka mwaka huo mwezi wa Septemba. Waumini waliongojea hawakujenga madhabahu wala kuchinja mbuzi. Walikwenda kwa majirani wakalipa madeni na kuungama makosa. Tukio walilolitazamia halikuwa kama walivyodhani, lakini kuungama kule hakukuwa bure.

Katika jambo hilo walikuwa karibu na fundisho la kale kuliko walivyojua. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu na mwaka 200 BK, unafundisha kwamba Siku ya Upatanisho hufunika makosa kati ya mtu na Mungu, lakini kosa kati ya mtu na mwenzake halifunikwi mpaka amtulize mwenzake. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Kiyahudi siku zinazotangulia mfungo ni siku za kupiga hodi. Mume humwomba mkewe msamaha, mama humwomba binti yake, ndugu wawili waliogombania urithi hutafutana.

Soma Mathayo 5:23, 24. Yesu anaweka nini kwanza, sadaka au ndugu? Je, ni nani anayetakiwa kuanza safari ya kwenda kwa mwenzake?

Angalia kwamba Yesu hasemi juu ya mtu aliyekosewa. Anasema juu ya yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Ni rahisi mtu kufunga siku nzima na bado apite njia nyingine ili asikutane na shemeji yake sokoni. Mfungo wa namna hiyo unamtesa mwenyewe tu.

Ni nani ambaye anaweza kuwa na neno juu yako sasa? Ni nini kinachokuzuia kwenda kwake kabla ya Sabato hii?

JUMANNE
Paa Linaloonyesha Nyota

Soma Mambo ya Walawi 23:39–43 na Kumbukumbu la Torati 16:13–15. Kwa nini watu walioingia katika nyumba imara waliagizwa kulala katika vibanda?

Usiku ule mfungo unapomalizika, katika mitaa ya Kiyahudi husikika sauti za nyundo. Ni desturi kuanza kujenga kibanda mara tu baada ya Siku ya Upatanisho, hata kama ni kupigilia msumari mmoja tu, ili tendo jema lifuatwe na tendo jema. Siku tano zinabaki, na kila aliye nyumbani ana kazi.

Kibanda hicho, kiitwacho sukka, kina kanuni zake. Kuta zaweza kuwa za mbao, turubai au kitu kingine. Mkazo uko kwenye paa. Paa lazima liwe la vitu vilivyoota ardhini na kukatwa: makuti, matawi, mianzi, mabua. Bati halifai, wala hema la kitambaa. Kivuli kizidi jua, lakini paa lisizibwe kabisa, na ni desturi kuacha nafasi za kuonyesha nyota usiku. Kibanda kisizidi dhiraa 20 kwenda juu. Hakiwezi kujengwa chini ya mti wala chini ya dari ya nyumba, kwa kuwa aliye ndani anapaswa kukaa chini ya mbingu. Kwa sababu hiyo katika baadhi ya mitaa ya Yerusalemu roshani za maghorofa zimejengwa kwa kupishana, ili kila familia ipate mbingu yake.

Mapambo ni kazi ya watoto. Hukata karatasi za rangi na kufanya minyororo mirefu, hutundika makomamanga, zabibu, maboga madogo na mahindi, hubandika michoro yao ukutani. Mezani hupendwa vyakula vilivyojazwa, kama kabichi au pilipili hoho zilizojazwa wali na nyama, kwa kuwa chakula kilichojazwa kinasema juu ya ghala lililojaa. Aina nne za mimea za Mambo ya Walawi 23:40 hushikwa mkononi na kutikiswa pande zote: kuti changa la mtende, vijiti vya mhadasi, vijiti vya mwerebi, na tunda la jamii ya limau liitwalo etrogi. Ukinyesha kiasi cha kuharibu chakula, watu wanaruhusiwa kuingia ndani ya nyumba. Sheria ya furaha haikukusudiwa kuwa adhabu.

Si Yerusalemu na New York tu. Katika vilima vya kandokando ya Mbale, mashariki mwa Uganda, jamii ya Abayudaya, iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, huadhimisha sikukuu hii pia. Katika utawala wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, na wachache walioendelea walifanya hivyo kwa siri. Ni jambo la kutafakari, kwamba watu walihatarisha uhai kwa kitu kilichojengwa kwa majani.

Lakini paa na mapambo si kiini. Rudi kwenye fungu la kukariri na kuhesabu. Baada ya baba mwenye nyumba wanatajwa mwana, binti, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wanne wa kwanza wako nyumbani tayari. Wanne wa mwisho hawana shamba. Mlawi hakupewa urithi wa ardhi, mgeni hana ukoo, yatima hana baba, mjane hana mume wa kumlimia. Sikukuu ya mavuno ilifanywa kuwa halali kwa kuwaketisha wasiovuna. Mwenye ng'ombe watatu aliyefunga lango lake akala na wanawe peke yao hakuwa ameitunza, hata kama kibanda chake kilipendeza kuliko vyote kijijini.

Wayahudi wana desturi nzuri inayogusa jambo hili. Kila usiku wa sikukuu hukaribisha kwa maneno mgeni mmoja wa kale: Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi, ingawa mpangilio hutofautiana. Walimu wao wamefundisha kwamba fungu la chakula la mgeni huyo asiyeonekana linapaswa kumfikia maskini anayeonekana. Ibrahimu hali chakula. Mjane wa jirani anakula.

Soma Nehemia 8:9–18. Watu walioanza kwa kulia waliambiwa wafanye nini? Chakula kilipelekwa kwa nani?

Hapa pana mpangilio wa kuvutia. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba Ezra alisoma torati tangu mapambazuko mpaka adhuhuri, na watu wakalia. Wakaambiwa wasihuzunike, bali wale vinono, wanywe vitamu, na kuwapelekea mafungu wale wasioandaliwa kitu. Siku ya pili wakuu wa mbari walirudi kusoma zaidi, wakakuta habari ya vibanda. Hawakuunda kamati. Walikwenda mlimani kuleta matawi ya mizeituni, mihadasi na mitende, wakajenga juu ya dari za nyumba, katika nyua, katika nyua za nyumba ya Mungu, na katika viwanja vya Lango la Maji na Lango la Efraimu. Mji uliokuwa nusu magofu ukawa kama msitu. Tangu siku za Yoshua haikufanywa namna ile. Furaha hiyo ilitokana na kusikia Neno na kulielewa (Neh. 8:8, 12), na ilikuwa na matawi mikononi.

JUMATANO
Maji ya Siloamu

Soma Yohana 7:1–14, 37–39. Yesu alikwenda kwenye sikukuu kwa namna gani? Kwa nini alingoja hata siku ya mwisho kusema maneno yale?

Kufikia wakati wa Yesu Sikukuu ya Vibanda ilikuwa imeongezewa taratibu ambazo hazimo katika vitabu vya Musa. Mishna inaeleza jinsi kila asubuhi ya siku saba chombo cha dhahabu chenye kuchukua takriban lita moja kilivyojazwa maji katika bwawa la Siloamu. Waliposhika njia na kufika Lango la Maji, pembe zilipulizwa. Kuhani alipanda madhabahuni na kuyamimina maji katika bakuli la fedha, sambamba na divai. Usiku, katika Ua wa Wanawake, vinara vya dhahabu viliwashwa kwa tambi zilizotengenezwa kwa mavazi yaliyochakaa ya makuhani, na nuru yake ilijaza nyua za Yerusalemu. Watu wacha Mungu walicheza na mienge mikononi, na Walawi wakapiga vinubi na matoazi.

Maana ya maji ilikuwa wazi kwa mkulima yeyote. Kiangazi kimeisha na visima viko chini. Walimu walifundisha kwamba katika sikukuu hii ulimwengu unahukumiwa kuhusu maji, yaani kama mvua itanyesha au la. Mpaka leo katika masinagogi sala ya mvua huombwa siku ya nane. Zekaria naye aliunganisha sikukuu hii na mvua, na akaona mataifa yote yakipanda Yerusalemu kuitunza (Zek. 14:16, 17). Marabi walihesabu ng'ombe wa sadaka katika Hesabu 29, kuanzia 13 siku ya kwanza wakipungua mmoja mmoja hadi 7 siku ya saba, wakapata 70, nao wakasema ni kwa ajili ya mataifa 70 ya ulimwengu.

Furaha hiyo, hata hivyo, iliweza kugeuka. Mwanahistoria Yosefo anasimulia kwamba katika karne ya kwanza kabla ya Kristo watu walimtupia mfalme na kuhani Alexander Jannaeus matunda ya etrogi waliyoyashika kwa ajili ya sikukuu, naye akawaua watu wapatao 6,000. Matunda ya kumsifu Mungu yakawa mawe. Na katika Yohana 7 kuna jambo linalofanana: katikati ya matawi na nyimbo, watu wananong'ona wakiogopa, na wakuu wanatuma watumishi kumkamata Mwenye sikukuu.

Ni katika mazingira hayo Yesu alisimama na kupaza sauti, akimwita mwenye kiu aje kwake. Hakuyakemea maji ya Siloamu. Hakuagiza pia kwamba yaendelee kuchotwa. Alijiweka mahali pake. Katika sura inayofuata alijiita nuru ya ulimwengu (Yn. 8:12), na kumbukumbu ya vinara vya uani ilikuwa bado mbichi kwa waliomsikia. Yohana alikuwa amekwisha kudokeza haya tangu sura ya kwanza, kwa kuwa neno la Kiyunani alilolitumia kusema kwamba Neno alikaa kwetu lina maana ya kupiga hema (Yn. 1:14).

Inawezekanaje mtu kuhudhuria sikukuu yote na kurudi nyumbani na kiu? Eleza kwa mifano ya ibada za leo.

ALHAMISI
Kutunza au Kujifunza?

Soma Kumbukumbu la Torati 16:16. Mambo ya Walawi 23:37, 38. Wakolosai 2:16, 17. Sikukuu za mwaka zilitegemea nini ili ziweze kutunzwa kama zilivyoagizwa?

Wanaosema kwamba sikukuu zinapaswa kutunzwa leo wana swali gumu la kujibu: zitunzwe wapi, na kwa sadaka gani? Musa alisema wanaume wajitokeze mahali ambapo BWANA atapachagua, na kila siku ilikuwa na dhabihu zake. Hekalu liliangamizwa mwaka 70 BK. Wayahudi wenyewe walilazimika kuunda upya maadhimisho yao, na ndipo meza ya nyumbani ilipochukua nafasi kubwa. Kwa hiyo anayeweka boga na makuti nyumbani na kusema ametimiza Walawi 23, ametimiza sehemu ndogo sana ya sura hiyo.

Sura hiyohiyo inaitenga Sabato ya juma. Inaitaja kwanza, peke yake, katika fungu la 3, kisha inasema sikukuu zilikuwa mbali na Sabato za BWANA. Sabato ilitoka kwenye uumbaji. Vibanda vilitoka jangwani. Hivyo Waadventista wanaotunza siku ya saba hawajipingi wanapozihesabu sikukuu za mwaka kuwa kivuli cha mambo ya Kristo. Imani za Msingi 28 za kanisa hazina amri ya kuzitunza. Paulo alikataza kuhukumiana kwa ajili ya siku hizo, na katazo hilo lina pande mbili. Anayejenga kibanda asimhukumu asiyejenga. Asiyejenga naye asimwite mwenzake Myahudi bandia kwa sababu tu watoto wake wamefurahi chini ya matawi (Rum. 14:5, 6).

Soma 1 Wafalme 12:26–33. Sikukuu ya Yeroboamu ilifanana na ya Yuda kwa jambo gani, na ilitofautiana kwa jambo gani?

Yeroboamu naye aliweka sikukuu siku ya kumi na tano, ila katika mwezi wa nane, mwezi alioutunga mwenyewe moyoni. Kwa nje ilifanana na ile ya Yerusalemu. Sababu yake ndiyo ilikuwa mbovu: aliitaka ili watu wasiende kuabudu pamoja na ndugu zao. Kipimo hiki kinafaa hata leo, na ni kikali kuliko mabishano ya kalenda. Adhimisho linalomtenga mtu na ndugu zake, likamfanya ajione bora na kuanzisha kundi lake, lina harufu ya Betheli, hata kama tarehe yake ni sahihi.

Kwa upande mwingine, Ellen G. White, katika Wazee na Manabii, kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1890, aliandika kwamba ingekuwa vema watu wa Mungu wa sasa wawe na Sikukuu ya Vibanda, kumbukumbu ya furaha ya baraka walizopewa. Hakuwa anarudisha sheria ya kafara. Alifikiria shukrani, na makusanyiko. Mkutano wa kwanza wa makambi ulioandaliwa na kanisa zima ulifanyika Wright, Michigan, Septemba 1868, nao watu walilala katika mahema. Makambi ya kila mwaka, ambayo Waadventista wa Afrika Mashariki wanayajua vizuri, yako katika mstari huohuo: familia zinatoka majumbani, zinapika pamoja, zinasikia Neno tangu asubuhi, na watoto wanakumbuka zaidi yale ya kwenye turubai kuliko yale ya kwenye viti vya kanisa.

Familia inayotaka kuwafundisha watoto habari hizi kwa kibanda cha makuti, basi, iko huru. Inaweza kuweka asali mezani, kutundika mahindi, kusoma Nehemia 8 kwa taa. Ni hekima kuwaambia watoto wazi kwamba hivi ni vielelezo vya somo, wala si sharti la wokovu. Ni heshima pia kuwaambia kwamba desturi hizi ni za watu walio hai, waliozibeba katika mateso mengi, wala si maigizo ya kuchezea. Na kabla ya kununua karatasi za rangi, wazazi waandike majina manne: la mtumishi wa Mungu asiye na shamba, la mgeni, la yatima, la mjane. Kama majina hayo hayapatikani, mapambo yangoje.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma sura ya Wazee na Manabii inayohusu sikukuu za mwaka, na sura za Tumaini la Vizazi Vyote zinazoeleza Yohana 7 na 8. Soma pia Mhubiri 2:4–11, kitabu ambacho katika masinagogi mengi husomwa wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Ghala limejaa, na msomaji anasikia kwamba nyumba, mizabibu na fedha ni upepo. Kisha anatoka na kuketi chini ya paa linalopitisha upepo. Linganisha na Ufunuo 7:9, 15–17, ambapo umati kutoka kila taifa una matawi ya mitende mikononi, na Mungu mwenyewe ndiye anayewatandia hema.

Maswali ya Kujadili:

1. Muumini mmoja anasema hatakula tena na dada yake kwa sababu dada huyo hatunzi sikukuu za Walawi 23. Mwingine anakataa kuingia nyumbani kwa ndugu yake kwa sababu amekuta kibanda cha makuti uani. Darasa lingewashauri nini, kwa kutumia Warumi 14:1–13?

2. Petro alitaka kujenga vibanda vitatu mlimani (Mt. 17:4). Alielewa nini kwa usahihi, na alikosea wapi?

3. Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Katika eneo la kanisa lenu watu hawa ni akina nani leo, na walikula wapi kwenye makambi yaliyopita?

4. Wazazi wa Kiyahudi wamewafundisha watoto kwa chakula na mapambo kwa zaidi ya miaka 1,900 bila hekalu. Nyumba za Waadventista zinafanya nini Ijumaa jioni ambacho mtoto wa miaka mitano atakikumbuka akiwa mzee? Kama jibu ni gumu kupatikana, ni kitu gani kimoja kinachoweza kuanza juma lijalo?